Programu huria ni bure, mbona kuzisakinisha kungali kizungumkuti?

MNAMO Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kuziba mianya ya kiusalama katika mfumo endeshi wa Windows 10, isipokuwa kwa wateja waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda. Katika mashamba ya mahindi ya Mautuma, eneobunge la Lugari, Kaunti ya Kakamega, siku hiyo huenda ilipita bila gumzo. Hata hivyo, uzito wake utahisiwa huko kuliko katika ofisi za vioo jijini Nairobi.

Sababu ni rahisi kueleza. Windows 11, mrithi wa mfumo huo aliyezinduliwa 2021, hauzikubali rasmi tarakilishi nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hivi. Unadai kichakataji cha kisasa na kifaa maalumu cha usalama ambacho mashine kuukuu hazina. Tarakilishi zinazofika katika shule, zahanati na maduka ya mashambani mara nyingi ni zile ambazo tayari zimetumika kwingine. Shirika la Computer for Schools Kenya, lililoanzishwa 2002, limejijengea jina kwa kukarabati mashine za aina hiyo na kuzisambaza shuleni.

Mashine hizo hazijafa. Zinaweza kuandika barua, kuhesabu mapato ya chama cha wakulima na kumfunza mwanafunzi kwa miaka mingine mingi, mradi zipewe mfumo endeshi unaozikubali. Mfumo huo upo, nao hautozwi hata senti: ni Linux. Swali linalosumbua ni kwa nini kitu cha bure, chenye nguvu na kilichokomaa kwa zaidi ya miongo mitatu, kingali mgeni katika meza nyingi za mashambani.

Jibu moja linahusu namna programu zinavyosakinishwa. Jambo hilo laonekana dogo, la mafundi peke yao. Lakini ndilo linaloamua iwapo mwalimu wa Mautuma ataitumia tarakilishi yake au ataiacha ijikusanyie vumbi.

Matawi mengi, shina moja

Linux ilianza 1991 wakati Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Helsinki, Finland, alipouweka hadharani msimbo wa kiini alichokuwa akikiunda. Kiini ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayosimamia mazungumzo baina ya programu na mashine. Kilipounganishwa na programu za mradi wa GNU, ulioasisiwa na Richard Stallman wa Marekani 1983, kukapatikana mfumo kamili ambao yeyote angeweza kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuugawa.

Uhuru huo ulizaa matawi. Kila kundi lilichukua kiini kilekile, likakizungushia programu lilizozipenda na kuupa mkusanyiko huo jina. Debian ilianza 1993. Kuna pia Red Hat, SUSE, Fedora, Ubuntu, Linux Mint na mengine yasiyohesabika. Kwa jicho la mtumiaji yote ni Linux. Kwa jicho la programu inayotaka kusakinishwa, kila tawi ni nyumba yenye mlango na kufuli yake.

Tofauti ya kwanza ni umbo la vifurushi, yaani namna programu inavyofungwa kabla ya kusafirishwa. Debian na jamaa zake, Ubuntu na Mint wakiwamo, hutumia vifurushi vya deb. Red Hat, Fedora na SUSE hutumia vya rpm. Kifurushi cha upande mmoja hakifunguki upande wa pili bila hila za kifundi.

Tofauti ya pili ndiyo nzito zaidi. Programu ya Linux aghalabu haibebi kila inachohitaji. Hutegemea maktaba, yaani vipande vya msimbo ambavyo programu nyingi hushirikiana kuvitumia. Utaratibu huo huokoa nafasi, kwani kipande kimoja huhifadhiwa mara moja na kutumiwa na wote. Lakini programu iliyoundwa kwa toleo jipya la maktaba fulani haitafanya kazi mahali penye toleo la zamani. Isitoshe, maktaba hiyo yenyewe hutegemea nyingine, nayo nyingine tena.

Debian ilipata dawa ya maradhi hayo kupitia chombo kiitwacho APT, kilichoingizwa katika toleo lake la 1999. Mtumiaji hutaja jina la programu, nacho chombo hicho huenda katika ghala la mtandaoni, hukokotoa kila kinachohitajika na kukileta chote kwa pamoja. Kwa mtu mwenye intaneti ya kuaminika, kazi hiyo ni ya dakika chache, na kwa kweli ni rahisi kuliko desturi ya Windows ya kuzurura mtandaoni ukitafuta programu.

Tatizo liko katika maneno hayo: intaneti ya kuaminika.

Safari ya flashi

Chukua mfano wa mwalimu anayeishi Mautuma na kuhudumia maabara ndogo ya shule isiyo na mtandao. Anataka programu ya kuchora michoro ya hisabati. Anapanda matatu hadi Turbo au Eldoret, anaketi katika saiba, anapakua kifurushi na kukitia kwenye flashi. Anaporejea, tarakilishi inamwambia kwamba programu hiyo inadai maktaba tatu ambazo hazipo. Anarudi mjini siku nyingine kuzitafuta. Akizipata, huenda moja ni ya toleo ambalo tawi lake la Linux halilitambui.

Mwalimu huyo ametumia nauli, muda na subira, ilhali programu yenyewe ni ya bure. Katika saiba hiyohiyo, jirani yake amenakili Windows isiyo na leseni pamoja na faili moja ya kusakinishia programu anayoitaka. Amebofya mara mbili, kazi imekwisha.

Hapa ndipo wapenzi wengi wa programu huria hujidanganya. Hudhani kwamba mashindano ni kati ya kitu cha bure na kitu cha bei ghali, na kwamba maskini atakimbilia cha bure. Mashambani, mashindano ni kati ya vitu viwili visivyolipiwa: kimoja halali lakini chenye usumbufu, kingine cha wizi lakini chepesi. Nakala ya wizi hushinda kwa sababu kila kijana wa saiba anajua kuisakinisha. Madhara yake huja baadaye, kwa njia ya virusi, faili zilizopotea na mfumo ambao hauwezi kusasishwa.

Lugha ilitafsiriwa, mlango ukabaki umefungwa

Afrika Mashariki haikuchelewa kuitambua thamani ya programu huria. Mwishoni mwa 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi uliotafsiriwa kwa Kiswahili. Wakati huo Microsoft ilikuwa ingali inaandaa tafsiri yake. Kwa mara ya kwanza, mtumiaji angeweza kuandika na kuhifadhi waraka kwa kufuata maagizo ya lugha yake.

Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth na kampuni yake ya Canonical walitoa toleo la kwanza la Ubuntu. Jina hilo halihitaji kufafanuliwa kwa msemaji wa Kiswahili, kwani ni neno la Kibantu lenye maana ya utu. Kampuni hiyo iliwatumia watu diski za CD bila malipo popote walipokuwa duniani, hata ada ya posta ikilipwa na yenyewe. Wakati huo Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti yake ya kimataifa, na kupakua mfumo mzima kulikuwa ndoto kwa wengi. Diski hizo zilikuwa daraja.

Daraja hilo lilivunjwa 2011 mpango wa kugawa diski ulipositishwa. Sababu yake ilieleweka: intaneti ilikuwa imeenea. Nchini Kenya nyaya za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimefika pwani 2009, na ya EASSy ikafuata 2010. Lakini kufika kwa waya Mombasa si sawa na kufika kwa mtandao wa kasi na wa bei nafuu katika kila kijiji cha Lugari. Wakuzaji wa programu walianza kuunda mambo yao kana kwamba kila mtu ameunganishwa saa 24, na mtumiaji wa mashambani akajikuta anabanwa zaidi, hata mtandao ulipokuwa ukimkaribia.

Funzo la kipindi hicho ni kwamba kutafsiri maneno yaliyo kwenye kioo cha tarakilishi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha programu iliyotafsiriwa inafika na kukaa.

Jitihada za kuunganisha matawi

Wakuzaji wa Linux wenyewe hawakulifumbia macho tatizo hili. Mnamo 2001 lilitolewa toleo la kwanza la kanuni zilizojulikana kama Linux Standard Base. Nia ilikuwa kuyafanya matawi yote yakubaliane juu ya maktaba za msingi na mahali pa kuhifadhi faili, ili programu iliyoundwa mara moja ifanye kazi kote. Kanuni hizo zilifikia hadhi ya viwango vya kimataifa 2006.

Hata hivyo, zilichagua vifurushi vya rpm kuwa umbo rasmi, na hilo liliiacha familia kubwa ya Debian ikiwa kama mgeni katika karamu. Kampuni chache ziliunda programu kwa kuzifuata. Kufikia 2015 Debian ilikuwa imeacha kwa kiasi kikubwa kuzitekeleza, na tangu toleo la tano la mwaka huohuo hakuna jingine lililotolewa. Makubaliano ya karatasini hayakutosha mahali ambapo hakuna mwenye uwezo wa kumshurutisha mwenzake.

Wengine walipita njia tofauti. Mradi wa Autopackage, ulioanza 2002, ulijaribu kuunda kifurushi kimoja cha kusakinishwa katika kila tawi, lakini haukudumu. Simon Peter naye alianzisha klik 2004 kwa wazo la programu moja kuwa faili moja. Wazo hilo ndilo lililozaa AppImage.

Ushahidi mzito kwamba maradhi yalikuwa hayajapona ulitoka kwa Torvalds mwenyewe. Katika kongamano la Debian jijini Portland, Marekani, Agosti 2014, alilalamika kwamba kuandaa programu kwa watumiaji wa kawaida wa Linux ni mateso. Alitoa mfano wa Subsurface, programu ya wapiga mbizi aliyoianzisha. Kikosi chake kilimudu kuiandaa kwa Windows na kwa tarakilishi za Apple, lakini kuiandaa kwa kila tawi na kila toleo la Linux kuliwashinda. Iwapo mwasisi wa Linux alilemewa na kazi hiyo, mwalimu wa Mautuma hana sababu ya kujiona mjinga.

Njia tatu za leo

Tangu wakati huo zimeibuka njia tatu kuu. Zote zina wazo moja: badala ya programu kutegemea maktaba za mwenyeji, ije na mahitaji yake, kama mgeni anayesafiri na chakula chake.

Ya kwanza ni AppImage. Programu nzima huwa faili moja. Mtumiaji huinakili, huipa ruhusa ya kuendeshwa na kuibofya. Hakuna kusakinisha. Faili hiyo inaweza kutoka Eldoret ndani ya flashi na kufanya kazi Mautuma bila kuulizia mtandao. Udhaifu wake ni kwamba kwa kawaida haijisasishi, haizuiliwi kugusa faili nyingine za mwenyeji na hakuna ghala moja linalohakikisha kwamba iliyopakuliwa si bandia.

Ya pili ni Flatpak, iliyopewa jina hilo 2016 baada ya kuanza kwa jina jingine chini ya uongozi wa Alexander Larsson. Programu zake hupatikana hasa katika ghala la Flathub na huendeshwa ndani ya uzio unaoweza kudhibiti kile zinachogusa. Hushirikiana baadhi ya maktaba kubwa, hivyo programu ya kwanza huwa nzito na zinazofuata huwa nafuu. Lakini hiyo ya kwanza, pamoja na maktaba zake, inaweza kukaribia au kupita gigabaiti moja. Kwa anayenunua data kwa shilingi chache kila asubuhi, huo ni mzigo mkubwa.

Ya tatu ni Snap ya Canonical, iliyofikishwa kwa matawi mengine 2016. Nayo hutumia uzio na hujisasisha yenyewe, ikikagua ghala mara kadhaa kwa siku. Mtumiaji anaweza kuahirisha masasisho hayo, ila ni sharti ajue namna. Asiyejua hushtukia data imekwisha kabla hajafungua barua pepe. Aidha, ghala la Snap linamilikiwa na kampuni moja, na msimbo wa seva zake haujawekwa wazi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba njia zilizobuniwa kumaliza mgawanyiko zimeanza kuuzalisha upya. Mnamo 2020, Linux Mint, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu, iliamua kuizuia Snap isisakinishwe kimyakimya. Mnamo 2022, Ubuntu ilitoa toleo la kudumu ambalo kivinjari cha Firefox kinasakinishwa kwa njia ya Snap. Mwaka uliofuata Canonical ilitangaza kwamba matawi rasmi ya familia ya Ubuntu hayatakuja tena na Flatpak tayari ndani yake. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Na katika ugomvi huu nyasi ni mtumiaji asiyejua hata majina ya fahali hao.

Usalama nao si wa kupuuzwa. Mnamo Mei 2018, mchezo mmoja katika ghala la Snap uligunduliwa kuwa ulificha programu ya kuchimba sarafu za kidijitali kwa umeme wa watu. Machi 2024, mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopenyezwa katika xz, kipande cha msimbo kinachotumiwa na matawi mengi, kabla haujasambaa katika matoleo ya kudumu. Visa hivyo vinaonyesha kwamba urahisi bila ukaguzi ni hatari, na kwamba ukaguzi nao hutegemea watu wachache waliochoka. Mlezi wa kuaminika wa vifurushi anafanya kazi ambayo faili ya kunakili kutoka kwa rafiki haiwezi kuifanya.

Somo kutoka Mosoriot

Je, programu huria inaweza kustawi katika mazingira ya mashambani? Jibu liko karibu na Mautuma. Februari 2001, kituo cha afya cha Mosoriot katika eneo la Nandi kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioundwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wataalamu wa Indiana, Marekani. Janga la Ukimwi lilipozidi kulemea hospitali za magharibi mwa nchi, mahitaji yaliupita uwezo wa mfumo huo. Kutokana na tajriba hiyo, mradi wa OpenMRS ulianza 2004, na 2006 ukaanza kutumika Eldoret katika mpango wa AMPATH, ambao huduma zake zimefika pia Turbo.

OpenMRS ni programu huria. Ndiyo msingi wa KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kusambazwa 2012 na ambao katika miaka michache ulikuwa umewekwa katika vituo zaidi ya 300 vya afya nchini. Wahudumu waliousambaza hawakungoja matawi ya Linux yaelewane.

Siri yao ilikuwa nidhamu. Walichagua tawi moja na toleo moja. Walitayarisha kila kitu, kuanzia hifadhidata hadi programu yenyewe, ili kifanye kazi kwenye seva iliyo ndani ya kituo hata mtandao unapokatika. Waliwafunza wahudumu na kuwaachia watu wa kuwapigia simu. Kwa muuguzi, tatizo la usakinishaji halikuwapo kwa sababu mtu mwingine alikuwa amelibeba.

Lakini mfano huohuo una onyo. Mzigo huo ulibebwa kwa kiasi kikubwa kwa fedha za Marekani. Januari 2025, serikali ya nchi hiyo iliposimamisha misaada ya kigeni, miradi iliyokuwa ikiwalipa mafundi wa mifumo ya afya iliyumba kote barani. Msimbo ulibaki huria, lakini ujuzi wa kuusakinisha na kuusasisha ulikuwa katika hatari ya kuondoka na mikataba ya kazi. Programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuirekebisha haina faida kwa jamii isiyo na mtu anayejua kuirekebisha.

Hoja ya simu

Kuna wanaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati. Wakazi wengi wa mashambani, wanadai, hawatumii tarakilishi bali simu, na kusakinisha programu kwenye simu ni kubofya mara moja tu. Hoja hiyo ina uzito. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux, hivyo mkulima anayetuma pesa kutoka shambani Mautuma huenda tayari ni mtumiaji wa Linux bila kujua.

Ila inafaa kuuliza ni kwa nini kwenye simu imekuwa rahisi. Imekuwa rahisi kwa sababu kampuni moja, Google, iliweka kanuni za maktaba, umbo la vifurushi na ghala. Kile ambacho kamati za Linux Standard Base zilishindwa kukipata kwa makubaliano, Google ilikipata kwa nguvu ya soko. Bei yake ni kwamba mwenye ghala ndiye anayeamua nani aingie, na simu iliyokoma kupata masasisho hutupwa ingawa kioo na betri yake vingali vizima.

Isitoshe, simu ni chombo kizuri cha kupokea, lakini si chombo kizuri cha kuunda. Mwanafunzi hawezi kujifunza kuandika msimbo kwa raha kwenye kioo cha inchi sita, wala karani wa chama cha ushirika kutunza hesabu za msimu mzima. Anayesisitiza kwamba simu inawatosha watu wa mashambani anawatengea, pengine bila kukusudia, nafasi ya wateja wa kudumu.

Wajibu wa kaunti na wa taifa

Serikali ya kitaifa imeahidi kituo cha kidijitali katika kila mojawapo ya wadi 1,450 za Kenya, pamoja na maeneo 25,000 ya intaneti ya umma. Mautuma ni mojawapo ya wadi hizo. Mjadala wa umma umehusu majengo, nyaya na idadi ya mashine. Swali la programu zitakazokuwa ndani ya mashine hizo, na nani atakayezitunza, halijapewa uzito unaostahili.

Kwa upande mwingine, Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti vituo vya afya na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hivyo Kaunti ya Kakamega ina nyenzo mbili mikononi mwake: mahali panapohitaji mifumo na mahali panapoweza kuwafunza mafundi. Chuo cha ufundi kinachofundisha useremala na ushonaji kinaweza pia kumfunza kijana kusimamia seva ndogo na kuandaa flashi yenye programu zinazofanya kazi.

Hatua zinazohitajika si za ajabu. Ya kwanza ni kuchagua tawi moja lenye huduma ya muda mrefu, kama Debian au toleo la kudumu la Ubuntu ambalo husasishwa kwa miaka mitano, na kulitumia katika vituo vyote vya kaunti. Matawi mengi ni utajiri kwa mtafiti. Kwa fundi mmoja anayehudumia shule kumi ni balaa.

Ya pili ni ghala la nyumbani. Nakala ya ghala zima la programu inaweza kuhifadhiwa kwenye diski moja ya bei ya wastani. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilichoko mjini Kakamega kingeweza kuisasisha, kisha diski zikasafirishwa hadi kwenye wadi kila baada ya muda. Flatpak nayo ina utaratibu wa kunakili programu kwenye flashi na kuzisakinisha kwingine bila mtandao. Mfumo wa masomo wa Kolibri, uliobuniwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti, hupokea masomo kwa njia hiyohiyo. Kinachokosekana ni mtu aliyepewa jukumu hilo na mshahara wake.

Ya tatu ni zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka mahitaji ya kiufundi yasitaje jina la kibiashara pale ambapo maelezo ya kawaida yanatosha. Zabuni inayotaka "programu ya kuandikia nyaraka" inaipa LibreOffice nafasi sawa na wengine. Inayotaja jina la bidhaa ya kampuni moja huufunga mlango kabla mtu hajabisha. Wawakilishi wa wadi wana haki ya kuuliza ni ipi kati ya hizo inayoandikwa kwa niaba ya wapigakura wao.

Wakuzaji wa programu nao hawawezi kujitoa lawamani. Programu inayodai gigabaiti moja ili kuhariri picha moja imeundwa na mtu ambaye hajawahi kununua data kwa kipimo. Kujaribu kazi yao kwenye mashine ya zamani, kwenye mtandao unaokatikakatika, kungewafunza mengi kuliko mijadala yao kuhusu umbo bora la kifurushi.

Linux imetimiza zaidi ya miaka 30 ikiendesha seva nyingi za dunia na simu za mabilioni ya watu. Sehemu ambayo haijaiweza ni meza ya mtu wa kawaida asiye na fundi jirani wala mtandao wa uhakika. Njia za kiufundi za kuifikisha hapo sasa zipo, japo kila moja ina kasoro zake, na mashine zilizoachwa nyuma na Windows 10 zimeifanya nafasi hiyo kuwa pana kuliko ilivyokuwa wakati wa diski za bure za Ubuntu. Iwapo hakuna atakayeitumia, tarakilishi hizo zitaendelea kupewa nakala za wizi hadi zishindwe, kisha zitarundikwa stoo pamoja na magunia matupu ya mahindi, zikisubiri mfadhili mwingine alete nyingine.